Masaa Thelathini ya Kukaa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Kabla hujaniuliza kama nimekula: sijala. Sufuria iko motoni tangu asubuhi na maharage bado ni magumu kama changarawe. Baraka mwanao amepita jikoni mara tatu. Kila akipita anafunua mfuniko, anabonyeza punje moja kwa kijiko, anatikisa kichwa na kurudi kwenye kochi. Ni Jumamosi, leo haendi ghalani, kwa hiyo ana nafasi ya kunisumbua. Anasema maharage yaliyokaa kwenye kopo miaka kumi si chakula tena, ni shanga. Nimemwambia aniache, kwa sababu amri ya kuyapika sikuitoa mimi. Ulisema siku karatasi ikifika tutayapika, na karatasi imefika jana.

Imekuja kwa posta, ndani ya bahasha ngumu iliyoandikwa kwamba isikunjwe, na mleta barua ameikunja hivyo hivyo ili ienee kwenye sanduku. Ina mstari katikati kama goti. Jina langu limeandikwa lote, pamoja na lile kosa la herufi waliloliweka kambini ambalo hatukuwahi kulirekebisha. Chini ya jina wameandika shahada. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma vitabu vyao. Mkamwana wako amemaliza chuo kikuu, Mama, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Miezi minane imepita tangu utuache. Kanisani wananiambia niombe upumzike kwa amani, nami naomba, ingawa nakujua, kupumzika hukukupenda hata siku moja. Nimeona afadhali nikupe habari. Nimekaa kwenye meza ile ile ya jikoni hapa Haltom City, upande wako, ule unaotazama mlango.

Nianze kwa kukiri. Nilipoolewa na Baraka kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, shangazi zangu walinionya juu yako. Walisema mama mkwe ni kuni mbichi, huupati moto wake ila moshi utaupata wote. Nikaingia nyumbani kwako nimejikunja. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiinuka kila ulipoingia, hata nikiwa ninanyonyesha, mpaka ukaniuliza kama nina upele. Leo nacheka. Wakati ule nilijua tu kwamba ulikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na macho hayo yote yalikuwa kwangu.

Halafu tukaletwa Texas, wakatuweka Gulfton, mjini Houston, kwenye ile ghorofa ya pili yenye zulia lililonuka mafuta ya kukaangia ya wapangaji waliotangulia. Tulikuwa wanne ndani ya vyumba viwili. Baraka alipata kazi ya hoteli, mimi nikapata ya kumtunza mzee mmoja mgonjwa kule Katy, saa nzima barabarani kwenda na saa nzima kurudi kwenye gari la mwenzangu. Neema mwanangu, bado mchanga, alibaki na wewe. Siku moja nikarudi na karatasi ya chuo cha jamii niliyoiokota kituo cha basi. Sikuwa na nia yoyote. Niliiokota kwa sababu ilikuwa na picha ya mwanamke mweusi anayecheka na kitabu mkononi. Wewe usiyejua kusoma ukaichukua mezani, ukaigeuza juu chini, ukauliza, "Iyi karatasi inasema nini?" Nikakwambia inasema watu wazima wanaweza kurudi shule.

"Wende," ukasema. "Mutoto uniachie."

Ni hayo tu. Hukuniuliza nitasomea nini, wala Baraka hukumwomba ruhusa. Nilisubiri uongeze neno, ukainuka kwenda kutazama ugali.

Taabu ilianza mwisho wa muhula wa kwanza, uliponiuliza kama nimepita mwaka. Nikakwambia hapa hakuna kupita mwaka. "Alors, uko mwaka ya ngapi?" Nikasema sina mwaka. Ukaniangalia kama mtu anayedanganywa na mtoto. Kwetu kila mtu alijua: mwanafunzi yuko darasa fulani, mwisho wa mwaka anapanda au anarudia. Mimi nilikuwa nimesoma muhula mzima na sina darasa la kutaja mbele ya mama mkwe. Ulikuwa unachambua maharage kwenye sinia. Kwa kukata tamaa nikachukua punje tatu nikaziweka pembeni. Nikasema, "Mama, somo moja ni hizi. Ukimaliza somo wanakupa tatu. Ukifikisha mia moja na ishirini, wanakupa shahada. Hawakuulizi umechukua miaka mingapi, wala kama ulipumzika katikati."

Ukazitazama zile tatu. Kisha ukaanza kuhesabu kutoka kwenye sinia, ukichagua nzima nzima, zisizo na tundu wala mkunjo, mpaka zikatimia mia na ishirini. Usiku ule tulikula maharage machache.

Tangu siku ile mipango ya masomo yangu ikawa yako. Uliniamuru nikueleze sheria zote, na kila sheria ukaipa kopo la kahawa. Kwa kuwa herufi hukuzijua, ulikata vitambaa vya kitenge ukavifunga shingoni mwa makopo. Chekundu ni masomo ya lazima, yale ambayo kila mwanafunzi wa Texas lazima ayapitie, punje arobaini na mbili: kuandika, hesabu, sayansi, historia ya Marekani, na serikali yao mara mbili kana kwamba mara moja haitoshi. Cha bluu ni somo kuu. Cha njano ni yale ya hiari, na hilo ndilo kopo lililokufurahisha. "Kuko masomo ya kupenda tu?" uliuliza. "Mutu anapenda, na wanamuhesabia?" Ulitaka nilijaze lile kwanza. Nilipomaliza somo ulizihamisha tatu kwa mkono wako, moja moja, na somo lenye maabara ulilipa nne baada ya kunihoji vizuri. Neema alipoanza kusema alikuwa akikuambia, "Grandma, that's food!" na wewe unamjibu kwa Kiswahili kwamba hicho ni chuo kikuu.

Kuna siku mbili za makopo yale sitazisahau.

Ya kwanza ni siku ya Kifaransa. Nilisikia chuoni kwamba mtu anaweza kufanya mtihani wa lugha bila kusoma somo, akifaulu anahesabiwa. Nikaenda asubuhi na Kifaransa changu cha shule ya Kikongo ya kambini, nikarudi mchana na punje kumi na mbili. Kumi na mbili kwa mkupuo! Uliniuliza mara mbili kama sikukosea. Kisha ukakaa kwenye kiti, ukapiga makofi ya polepole, ukasema, "Babu yangu alipigwa fimbo juu ya hicho Kifaransa. Leo Mubeleji amerudisha." Ulizihamisha ukiwa umesimama wima kama kwenye kuapishwa.

Ya pili ni siku ya algebra, na hiyo naandika kwa aibu. Nilikuwa nimeanguka. Nikakwambia ninaacha, yote, si somo hilo tu. Ukajibu kwa upole, "Unadubla maharaki tatu, haiko mwaka muzima. Uku Mungu iko muzuri." Ulikuwa umeielewa nchi hii kuliko mimi: kwetu ukianguka unarudia mwaka mzima na wadogo zako wanakupita, hapa unarudia punje tatu. Lakini mimi nilikuwa na hasira, na hasira haina macho. Nikakwambia, "Mama, wewe hujasoma, huwezi kuelewa." Mbele ya mwanao. Mbele ya Neema.

Ulivuta sinia ukaendelea na kazi yako. Bila kuinua uso, ukasema, "Ni kweli sikusoma. Lakini kuchagula maharaki najua. Iyi yako si mbovu." Mimi niliingia chumbani. Sikukuomba radhi siku ile, wala iliyofuata. Muhula uliofuata nilirudia algebra nikafaulu, ukahamisha punje tatu kama kawaida, nami nikajidanganya kwamba yamekwisha. Basi pokea leo. Nisamehe, Mama. Nilikosa adabu, na nilikosa ukweli pia.

Baraka alipopata kazi ya ghala huku upande wa Fort Worth tukahama. Makopo uliyapakata miguuni njia nzima kutoka Houston, saa nne na zaidi, ukakataa yawekwe nyuma na vyombo. Nikasoma kidogo chuo kingine cha jamii cha huku. Wakati huo punje zangu zilikuwa zimetoka vyuo viwili na hazikufanana. Nilianza nikitaka uuguzi, nikageukia ualimu wa watoto wadogo, nikarudi kwenye afya. Nilipopeleka karatasi zote kwenye chuo kikuu nilichotaka kumalizia, walipokea punje tisini. Tisa walizikataa, yale masomo ya mwanzo ya kujifunza Kiingereza, wakasema hayahesabiki kwenye shahada. Nilizitoa niende kuzitupa. Ukanishika mkono. Ukazitia kwenye kopo la maziwa ya unga la Neema, lile lisilo na kitambaa, ukalifunika. "Hata kama haihesabiwe," ukasema, "inapikwa."

Tisini zimo, thelathini zimebaki. Mimi nikapanga thelathini hizo nizisome kwenye mtandao, kwenye vile vyuo vya zamani vilivyonizoea, kisha nizilete chuo kikuu wanipe shahada. Nilikuwa nimejiona mjanja. Ndipo ikaja barua pepe. Nilikuwa nimesimama hapa hapa penye sinki. Ilisema sijatimiza sharti la *residency*, nina sifuri kati ya *thirty hours*.

Mtu mwingine angesoma tofauti. Mimi neno hilo nilikuwa nimelijua kabla sijajua jina la rais wao. Ndilo lililoandikwa kwenye karatasi za uhamiaji, ndilo tulilolisubiri kambini, ndilo tuliloambiwa tusilipoteze. Nilifikiri wameona kosa kwenye karatasi zetu. Nilifikiri lile kosa la herufi. Ukanikuta nimekaa sakafuni. "Juu ya nini unalia?" Nikakueleza kwa haraka na vibaya: wanasema sina makaazi, wanataka masaa thelathini ya makaazi.

Wewe hukusikia makaazi. Ulisikia kukaa. "Wanataka ukae kwao masaa makumi tatu?"

"Sijui, Mama. Ndivyo walivyoandika."

"Basi!" Ukacheka kabisa, Mama, nikakuona meno. "Sisi tulikaa mu camp miaka kumi na ine. Masaa makumi tatu itatushinda? Kama ni kukaa, tutakaa."

Asubuhi yake ulikuwa umeshavaa kitenge chako cha Pasaka. Ulikuwa na chupa ya chai, mikate, ndizi za kuchemsha kwenye bakuli lenye mfuniko, blanketi moja, na ule mfuko mweupe wa plastiki tuliopewa wa kubebea karatasi siku tuliyopanda ndege. Huo mfuko hukuutupa. Wengine wote waliutupa mwezi wa kwanza, wewe uliulaza chini ya godoro miaka yote. Baraka alituendesha akiwa ameuma midomo. Alijua kuna kitu hakiko sawa, lakini nani angekuambia.

Tukaingia kwenye ofisi ya washauri wa masomo. Binti wa mapokezi akatuambia tusubiri. Ukatandika blanketi nusu kwenye kiti, ukakaa, ukatazama saa ya ukutani, ukaniamuru, "Andika. Tumeanza saa tatu na robo." Nikaandika, Mama. Ninacho bado kile kikaratasi. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye punje tisini, na niliandika saa tuliyoanza kukaa.

Ulipokuwa unanimiminia chai, mlango wa pembeni ukafunguliwa, akatoka mwanamke mnene mwenye miwani. "Nani anaongea Kiswahili hapa?" Ndipo tukampata Bi. Achieng, Mkenya, mshauri wa masomo, na tangu siku ile mtu wetu. Akatuingiza ofisini kwake. Kabla sijafungua mdomo ulikuwa umeshafungua mfuko, unampangia karatasi mezani. "Iyi ni ya chakula, ya mu camp. Iyi ni ya daktari. Iyi ni ya ndeke. Iyi ni kadi ya rangi ya majani. Yote iko."

"Mama," akasema Achieng, "hizi zote ni za nini?"

"Ya kukaa. Na masaa tumeshaanza."

Nikamwonyesha ile barua pepe. Akaisoma, akatutazama, akatazama chupa ya chai na blanketi, akaanza kucheka, akavua miwani. "Pole, pole sana. Hii si mambo ya immigration kabisa. Residency ni zile credits, ama hours, ana-take hapa kwetu, si kwa college ingine. Akifikisha thirty hapa, tunam-graduate. Hakuna mtu anamfukuza." Kisha akaishika ile kadi ya chakula ya kambini, ile iliyotobolewa matundu, akaacha kucheka. Aliigeuza nyuma na mbele. Akakurudishia kwa mikono miwili.

Ukairudisha mfukoni. "Donc, masaa makumi tatu iko maharaki makumi tatu?"

"Maharagwe?" akauliza Achieng. Ikabidi tumweleze. Kongo ni maharaki, kwake ni maharagwe, mimi niliyekulia kambini Tanzania ninasema maharage, na siku ile sote watatu tulikuwa tunazungumzia shahada. Akasema safari ijayo tumletee makopo ayaone.

Ukampelekea kweli. Ukayapanga kwenye meza yake, nyekundu, bluu, njano, na jipya la kijani, rangi ya ile kadi, kwa ajili ya masaa ya kukaa. Achieng alizisogeza punje kwa kidole kama anayecheza bao. Alituambia nisitupe kitu, kwamba kuna shahada ya masomo mchanganyiko inayoruhusu mtu kuunganisha njia zake: afya kidogo, malezi ya watoto kidogo, lugha kidogo. "Sawa maharaki ya mixte," ukasema, yale ya sokoni yenye rangi zote, na ukakubali papo hapo kwa niaba yangu. Lakini ukagoma aliposema kwamba zile thelathini zitakaa kopo la kijani na nyingi kati yake zitakaa la bluu vilevile. Ukamwambia punje moja haiwezi kuwa ndani ya makopo mawili, utakuwa wizi. Achieng akaweka mikono mezani.

"Mama, wewe ni mamake Baraka, si ndio? Na ni nyanyake Neema. Uko mmoja ama mko wawili?"

Ukamsogezea bakuli la ndizi. Kwa mtu anayekujua, hiyo ilikuwa ndiyo.

Miaka miwili na nusu nilikwenda nikikaa masaa yangu. Nilitoka kazini kwenye nyumba ya wazee, nikala nimesimama, nikakuachia Neema na kazi zake za shule, nikafunga mlango. Nikichoka ulikuwa unasema neno moja tu, "Kukaa," nami nacheka, nachukua mkoba. Likawa neno la nyumbani. Baraka akiwa kwenye foleni ya magari anasema kukaa. Neema akingoja zamu kwa daktari wa meno anasema, "Kukaa, Mommy." Kati ya maneno yote ya Kiswahili, hilo analitamka bila lafudhi.

Halafu moyo wako. Siku kumi na tatu hospitalini, na mimi nikiwa na masomo mawili ya mwisho. Niliacha kwenda darasani, na wewe, mwenye mipira puani, ukagundua. "Imebaki ngapi?" Nikasema sita. Ukainua vidole kama mtu anayezipima. "Sita haijaze hata kijiko," ukasema. "Maliza." Nikakuahidi. Siku mbili baadaye ukaondoka.

Ahadi hiyo ilitaka kunishinda. Baada ya mazishi nilimpigia Achieng nikamwambia aniondoe kwenye yale masomo. Hakubishana. Alisema anaweza kuomba nipewe muda zaidi, halafu akaniuliza kwa upole, "Mlianza kukaa saa ngapi, siku ile?" Nikasema saa tatu na robo. Tulilia kwenye simu kila mtu upande wake. Wiki iliyofuata nikarudi darasani.

Siku ya mahafali jina langu walilitamka kama ugonjwa. Lakini wanawake wa kanisa walipiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni akasogea kutazama kuna nini. Baraka alilia, atakana, usimwamini. Nilikuwa nimeficha punje ya mwisho kiganjani, ya mia na ishirini. Niliporudi nyumbani niliitia kopo la kijani kwa mkono wangu. Ililia kidogo ilipogonga zile nyingine.

Leo asubuhi ndipo nikayashusha makopo kutoka juu ya kabati nipike. Nilihesabu upya, zimo zote. Nyuma yake nikaona lile kopo la maziwa la Neema, la zile tisa zilizokataliwa. Nikalivuta kwa vidole viwili, nikijua ni jepesi, likanishinda. Nikashika kwa mikono yote. Nikafunua. Mama, limejaa mpaka shingoni.

Nikamwita Baraka. "Hili ulilijaza wewe?"

Akasimama mlangoni, akakuna kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Ni Mama. Kila ukifunga mulango kwenda masomo, alikuwa anatiamo punje moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mliporudi kutoka kwa Achieng. Alisema na yeye anafanya masaa yake ya kukaa." Akaongeza, "Alinikataza kukuambia. Alisema ukijua utamuhurumia, utaacha."

Nilikaa pale pale sakafuni penye sinki, mahali ulipowahi kunikuta. Kila niliyoishika ilikuwa jioni moja: homa ya Neema ambayo hukuniambia mpaka nilipomaliza mtihani, hesabu zake ulizozisimamia bila kujua hesabu, mlango unaofungwa na wewe unabaki. Nilikuwa nimekwambia huwezi kuelewa, na wewe ulikuwa unasoma chuo kimoja na mimi. Sikuzihesabu. Asante, Mama. Sina neno kubwa kuliko hilo, ningekuwa nalo ningelitumia.

Nilichofanya ni hiki. Nilizimwaga zote kwenye sufuria moja, zangu mia na ishirini, zile tisa za Kiingereza, na zako. Nikazikoroga. Sasa hata chuo kikuu chenyewe kikija na miwani hakiwezi kujua ipi ilihesabiwa na ipi haikuhesabiwa.

Baraka amekuja sasa hivi mara ya nne. Amebonyeza, amesema bado, amesema tuzime jiko tukanunue kuku. Neema amechungulia sufuria, amevuta kiti chako karibu yangu, amekaa. Nimetazama saa nikaiandika hapa pembeni ya barua, kama ulivyonifundisha. Ni saa tisa na robo. Tumeanza, Mama. Tutakaa mpaka yaive.

Wako anayekupenda na kukushukuru,

Mkamwana wako,
Mama Neema